Kabla hujaniambia niitupe hard disk yangu, shika kesi ya kompyuta kwanza

Juzi nimeuliza swali dogo tu, hard disk (ile diski ya kuzunguka inayohifadhi mafaili) ya kompyuta yangu ya mezani inanguruma usiku mpaka nashindwa kufikiri, nifanyeje. Majibu yote yakawa neno moja: weka SSD, yaani ile hifadhi isiyo na kitu kinachozunguka. Mwingine akaniambia tupa hiyo kitu. Jamani, mle ndani mna terabaiti 4 za picha na rekodi za familia, SSD ya ukubwa huo sio kila mtu anaimudu, na mi niliuliza kuhusu kelele, sikuuliza ninunue nini. Inaniudhi sana hii tabia ya kumjibu mtu kwa pesa ambayo hana.

Jibu nimelipata kwa mkono. Nilikua nimechoka nikaegemeza kiganja kwenye ubavu wa kesi, mngurumo ukashuka palepale. Nikatoa, ukarudi. Nikarudia kama mara tano hivi maana siamini. Yaani kumbe diski yenyewe haina sauti kubwa kihivyo, ile ya mizunguko 7200 kwa dakika inazunguka mara 120 kwa sekunde, mtikisiko wake unapita kwenye skrubu unaingia kwenye bati, na bati la kesi pana na jembamba vile linakua ngozi ya ngoma. Ukiwa na diski 2 ndo mbaya zaidi, kasi zao hazilingani sawasawa basi mvumo unapanda unashuka, unapanda unashuka, na kichwa kinakaa kinausubiri.

Kwahiyo kazi ni moja, chuma kisiguse chuma. Kuna vipete vya mpira vya kuweka kwenye skrubu, vinasaidia, ila usikaze kwa nguvu zote maana mpira ukibanwa sana unakua mgumu na mtikisiko unapita kama kawaida. Mi nimeenda mbali zaidi, nimechukua lastiki ya kushonea nguo, nikaifunga kwa kuivuta kutoka upande huu mpaka ule pale juu inapokaaga CD, diski nikailaza katikati inaning'inia haigusi bati popote. Nilipowasha nikaanza kusikia feni, feni ambayo miaka yote sikuwahi kujua kama ina sauti!

Haya, nakubali wazo hili la lastiki lina mapungufu. Watengenezaji wanataka diski ifungwe imara, na ikining'inia, kile kichwa chake cha kusomea data kikiruka huku na huku, diski nayo inayumba kidogo, spidi inaweza kupungua. Kwa picha za kuhifadhi sijali. Lastiki nayo inachoka, kwahiyo naikagua mara kwa mara, na kompyuta siihamishi bila kuitoa diski kwanza, ikidondoka ndani ya kesi nimekwisha.

Tafadhali msiizungushie sponji. Joto litakosa pa kutokea, na ile tundu ndogo ya kupumulia iliyopo kwenye diski nyingi isizibwe kabisa.

Kuna pia AAM, mpangilio wa ndani ya diski wa kukipunguzia kichwa ukali wa kuruka, kwenye Linux ni amri ya hdparm -M 128, lakini diski nyingi za sasa hazina tena. Kuiweka diski ijizime ikikaa bila kazi sawa, ila usiweke dakika 2, kuwaka na kuzima kila mara kunaichosha. Na SSD ndogo ya kuwekea Windows, sawa, hapo walionijibu wana haki, maana ule mkwaruzo wa mara kwa mara mwingi ni Windows inasoma vitu vyake.

Kitu kimoja lastiki haitibu. Diski iliyokua kimya ikianza ghafla tak, tak, tak kwa mpigo uleule, hapo usihangaike na mtikisiko, inakufa. Kopi mafaili yako usiku huohuo, uanze na yale ambayo huna kwingine.