Siku moja Serengeti kutoka Mwanza: Seronera ya nini?

Likizo ikikaribia, vikundi vya Mwanza huchangishana kukodi Kosta kwenda Serengeti na kurudi siku hiyohiyo. Wanaondoka usiku wa manane, wanapita Magu na Lamadi, na saa kumi na mbili asubuhi wako kwenye geti la Ndabaka. Ubishi huanzia hapo: gari likazane hadi Seronera, katikati ya hifadhi, au lizunguke huku magharibi?

Wa Seronera wana hoja. Mto wa pale una maji karibu mwaka mzima, kwa hiyo simba hawana haja ya kuhama, na chui hujilaza juu ya miegea na migunga. Mtu aliyechanga miezi kadhaa hataki kurudi Igoma na habari za nyamera tu. Namwelewa kabisa.

Lakini saa zinakataa. Kutoka Ndabaka hadi Seronera ni zaidi ya kilomita 130, na ndani ya hifadhi mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa. Kwenda na kurudi, saa tano na ushee zimeishia barabarani, na jioni saa kumi na mbili muwe mmeshatoka. Dereva aliyeahidi simba hasimami kwa twiga. Mnafika Seronera jua limeshapanda, wanyama wanaanza kujificha kivulini, na baada ya muda mnageuza.

Kirawira, huku magharibi, ni karibu zaidi. Mto Grumeti una viboko, mamba wa kutisha, na mbega kwenye msitu wa kando ya maji. Kati ya Mei na Julai nyumbu wenyewe hupita huku. Kasoro zipo, tena si ndogo. Mvua ikinyesha, udongo mweusi hunasa magari. Na mbung'o! Wanauma juu ya shati, na rangi za bluu na nyeusi huwavuta, ndiyo maana vitambaa vya mitego yao ni vya rangi hizo. Sijui nani huwashauri wanakikundi washone fulana za bluu.

Kwangu mimi, safari ya siku moja ibaki magharibi, hasa Juni. Januari na Februari makundi ya nyumbu yako kusini, upande wa Ndutu, mbali na huku. Hapo wa Seronera wananishinda, mradi wachange na pesa ya kulala.