Wakala wa Tabora hafanyi kazi bure

Nilikuwa kwenye kibanda cha fundi simu pale Mwanga, Kigoma, nikisubiri kubadilishiwa kioo, mwalimu mmoja wa sekondari alipoleta simu yake awekewe VPN, programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva, yaani kompyuta ya mbali, ili ufungue hata tovuti zilizofungiwa. Tangu mtandao wa X (zamani Twitter) ufungiwe Mei 2025, kazi hiyo imekuwa ya kawaida kama kuuza kava. Kijana akapakua ya kwanza iliyojitokeza, ya bure, yenye nyota nyingi. Simu ikatoa kidirisha chake: programu hii inataka kuweka muunganisho utakaoiwezesha kufuatilia shughuli zako za mtandao, kubali tu kama unaiamini.

"Hiyo inasemaje?" mwalimu akauliza.

"Bonyeza Sawa tu, mwalimu."

Kialama cha ufunguo kikatokea juu ya skrini, mwalimu akatoa buku, akaenda zake.

Nilimwuliza kijana kama huwa anawatajia wateja za kulipia. Alicheka. Walipe nini na za bure zimejaa? Ndivyo wanavyofikiri wengi hapa mjini, na si ujinga. Lakini nadhani wanaolipa hawajaeleweka, na kosa linaanzia kwenye kutojua kitu chenyewe kinafanya nini.

Tuchukue gunia la dagaa. Mfanyabiashara wa Kibirizi ana mteja Dar es Salaam, lakini hataki mwenye lori amjue mteja, wala mteja ajue mzigo umetoka mwalo gani. Anamtafuta wakala Tabora. Mwenye lori wa Kigoma anaandika kwenye daftari lake "Tabora" tu. Mteja wa Dar anapokea gunia lenye jina la wakala. Wote wawili wamefichwa jambo. Ila kuna mtu mmoja anayejua mzigo umetoka wapi na unakwenda wapi, kila siku, gunia kwa gunia: wakala.

VPN ndiyo huyo wakala. Kampuni yako ya simu, yaani mwenye lori, inaona tu kwamba umeunganishwa na seva fulani na umetumia MB ngapi. Tovuti unayoifungua inaona anwani ya seva, si yako. Siri haikupotea hewani, imehama mikono, kutoka kwa kampuni yenye ofisi mjini na leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwenda kwa mtu usiyemwona. Kwa hiyo swali la kwanza si la kasi wala idadi ya nchi zinazotangazwa. Ni wakala gani huyu, na kodi ya godauni lake analipa nani?

Seva hukodishwa, na njia ya data hulipiwa kila mwezi. Anayekuhudumia bure amepata fedha mahali. Wakati mwingine tumejua ni wapi. Mwaka 2015 iligundulika kwamba VPN ya Hola, iliyopendwa sana kwa kuwa bure, ilikuwa ikiuza njia za intaneti za watumiaji wake, hata mgeni akaweza kupita mtandaoni kwa anwani ya nyumba yako. Facebook waliinunua Onavo, yenye VPN ya bure, mwaka 2013, wakawaambia watu inalinda taarifa zao, huku wao wakiitumia kujua watu wanafungua programu zipi za washindani. Mahakama ya Australia ilikuja kuwatoza dola milioni 20 za nchi hiyo mwaka 2023, muda mrefu baada ya mzigo kusomwa.

Kuna takwimu moja isiyonitoka kichwani. Mwaka 2016 watafiti wa CSIRO, shirika la sayansi la Australia, na wenzao walichunguza programu 283 za VPN za simu za Android. Asilimia 38 zilikutwa na dalili za programu hasidi. Hiyo inatisha, lakini inayonisumbua mimi ni nyingine, ile ya asilimia 18 ambazo hazikusimba data kabisa, yaani hazikuifunga ili mwingine asiisome. Karibu moja kati ya tano! Yaani wakala amepokea kazi ya kushona gunia, akalifunga kamba kwa mapambo, akalipandisha garini likiwa wazi. Na mwenye gunia hawezi kujua, kwa sababu ufunguo ule mdogo juu ya skrini unatokea vilevile, gunia limeshonwa au halikushonwa. Utaniambia ni utafiti wa zamani, na maduka ya programu yamefagiliwa tangu wakati huo. Kweli. Lakini kilichowafanya wale wafanye vile hakikufagiliwa: seva zingali zinalipiwa, na mtumiaji angali halipi.

Sasa upande wa kijana wa kibandani, maana nao una nguvu zake.

Kwanza fedha. Mullvad, kampuni ya VPN ya Sweden, inatoza euro 5 kwa mwezi, bei isiyobadilika tangu 2009, na kwa shilingi hiyo ni zaidi ya 12,000. Kwa mtu anayenunua bando la siku kwa siku, huo ni utani. Kisha VPN yenyewe inakula bando zaidi kidogo na kumaliza chaji mapema, na ukichagua seva ya Marekani, kila unachobonyeza kinavuka bahari kwanza. Johannesburg ni afadhali. Kulipa nako kunataka kadi, japo kadi za mtandaoni za huduma za pesa za simu zimelainisha hapo.

Pili, gunia la siku hizi mara nyingi limeshashonwa kabla ya kumfikia wakala. Tovuti ya benki na karibu kila tovuti kubwa husimba mawasiliano zenyewe, na WhatsApp inasimba meseji mwanzo hadi mwisho. Wakala anaona mzigo unakwenda wapi, haoni dagaa. Kwa hiyo anayeambiwa kwamba bila VPN wezi watamsoma nywila ya benki akinywa chai hotelini, anauziwa woga, na matangazo ya kampuni za kulipia yamejaa woga huo.

Tatu, kulipa si dhamana. PureVPN ilijinadi kuwa haitunzi kumbukumbu za wateja wamefanya nini mtandaoni, na mwaka 2017 ikajulikana kwamba rekodi zake zimewasaidia FBI kumkamata mtu. Huyo alikuwa mhalifu, simlilii, lakini ahadi ilikuwa ahadi. Na wapo waliouziwa VPN "ya maisha" na VPNSecure, wakaambiwa mwaka 2025 kwamba maisha yameisha.

Sheria nayo mnaijua. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2020 zinamgusa mwenye zana ya kufikia yaliyokatazwa, faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote. Oktoba 2023 TCRA ikawataka watumiaji wa VPN wajieleze kabla ya tarehe 30. Watu huitaja kama sababu ya kutolipia, nami naiona kinyume: kanuni haiulizi kama ulilipa. Mwalimu yule amebeba hatari ileile kwa bidhaa duni. Na intaneti ilipozimwa 29 Oktoba 2025, waliolipa na wasiolipa walikaa giza moja. Barabara ikifungwa, wakala hana mzigo.

Bado nawatetea wanaolipa, kwa sababu moja. Unayemlipa ana kitu cha kupoteza akikusaliti, na unaweza kumdai uthibitisho. Aprili 2023 polisi wa Sweden walifika ofisi za Mullvad na hati ya upekuzi, wakaondoka bila taarifa za wateja, kwa kuwa hazikuwepo. Akaunti pale ni namba tu, haina jina wala barua pepe. Kuchagua, basi, ni kutafuta mtu wa namna hiyo: aliyekaguliwa na watu wa nje na kuyachapisha matokeo, anayejulikana anamilikiwa na nani, na anayeuza mwezi mmoja mmoja badala ya kukubana miaka miwili kwa punguzo litakalogeuka siku ya kulipia upya. Kwenye mipangilio ya Android washa ile inayozuia mtandao VPN ikikatika, la sivyo gunia litaendelea na safari bila wakala na hutajua.

Asiyeweza kulipa ana njia ya kati. Proton, kampuni ya VPN ya Uswisi, ina ngazi ya bure isiyo na kikomo cha data, simu moja tu na bila kuchagua nchi, inayobebwa na wanaolipia ngazi za juu. Kodi ya godauni inajulikana inatoka wapi. Nje ya hapo, mtu asiye na haja maalumu akae bila VPN kuliko kuchukua ile yenye nyota nyingi.

Nilimweleza kijana hayo yote huku akibandika kioo changu. Wiki iliyofuata nilipita tena, nikakuta ameongeza huduma: ya kawaida buku, ya Proton buku mbili, kwa kuwa hiyo ya pili inamlazimu kumfungulia mteja akaunti. Anasema wengi wanachukua ya buku.