Mpanda baiskeli wa ridhaa asiye na timu: anachopata na anachokosa

Miongoni mwa wapanda baiskeli wa ridhaa wa Dar es Salaam kuna ubishi usiokwisha: je, mtu aingie kwenye mashindano akiwa peke yake, kwa jezi na gharama zake mwenyewe, au ajiunge kwanza na klabu ndipo aende kupanga mstari? Wanaotetea kushindana peke yao husema kwamba mwenye miguu na mapafu hahitaji kundi la kumbeba, na kwamba timu nyingi za mjini hazina mbinu yoyote zaidi ya jezi zinazofanana. Wanaotetea timu hujibu kwamba mbio za barabarani hazijawahi kuwa mchezo wa mtu mmoja. Pande zote mbili zina ukweli wake, ila naona zote zinaitazama siku ya mashindano tu, ilhali kwa mkazi wa jiji hili faida kubwa ya timu hupatikana katika siku ambazo hakuna mashindano yoyote.

Hoja ya timu imesimama juu ya upepo. Kwenye barabara tambarare, mtu anayekwenda kilomita 40 kwa saa hutumia sehemu kubwa kabisa ya nguvu zake kusukuma hewa, na gharama hiyo hupanda haraka kuliko mwendo wenyewe: mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu inayohitajika kuishinda hewa huongezeka mara nane. Anayejibanza nyuma ya gurudumu la mwenzake huokoa takriban robo hadi theluthi ya nguvu hizo. Aliye ndani ya kundi kubwa huokoa zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliotumia mfano wa kundi la watu 121, ulibaini kwamba waliofichika ndani kabisa, kuelekea nyuma, hukutana na asilimia 5 hadi 10 tu ya ukinzani wa hewa unaompata mtu aliye peke yake. Anayefanya mazoezi Barabara ya Bagamoyo analijua jambo hili bila maabara. Majira ya kusi, safari ya kutoka Mwenge kupitia Tegeta na Bunju hadi Mapinga huwa nyepesi kiasi cha kumfanya mtu ajione bingwa, kumbe anasukumwa mgongoni. Ni wakati wa kurudi, upepo ukimkabili usoni kilomita baada ya kilomita, ndipo anapojua kama amekuja na wenzake au la.

Hata hivyo, upepo hauulizi jezi. Asiye na timu akiwa ndani ya kundi hujificha nyuma ya migongo ileile wanayojificha wengine, tena bila deni la kwenda mbele kuvuta. Kwa kinga ya upepo peke yake, mtu huyo hapungukiwi na kitu, na wenye timu wakimlalamikia kwamba anasafiri bure, malalamiko yao ni ya haki. Kinachomshinda ni uamuzi. Chukua kundi la watu kumi na watano wakiwa wamebakiza kilomita kumi, watatu kati yao wakiwa wamevaa jezi moja. Mmoja wao anachomoka. Wenzake wawili wanasogea mbele ya kundi, wanaacha kukanyaga kwa nguvu, na mwendo unapoa. Sasa asiye na timu ana njia mbili, na zote ni mbaya: akikaa kimya, yule anapotea, akimfukuza, anawavuta watu wote nyuma yake bila malipo, na akishamfikia tu, wa pili mwenye miguu iliyopumzika anachomoka upande wa pili. Hata awe na nguvu kuliko kila mmoja wao, hawezi kuwajibu wote watatu. Huku hakuna hila yoyote iliyo kinyume cha kanuni. Mbio za barabarani ndivyo zilivyo.

Mfano unaotajwa sana na wanaopinga hoja hiyo ni wa Anna Kiesenhofer katika mashindano ya barabarani ya wanawake ya Olimpiki ya Tokyo, tarehe 25 Julai 2021. Mwaustria huyo, mwenye shahada ya uzamivu ya hisabati, hakuwa na mkataba na timu yoyote ya kulipwa, na alikuwa Mwaustria pekee katika mbio hizo za kilomita 137. Uholanzi ilikuwa na wanne, wote majina makubwa. Kiesenhofer alichomoka mara tu mbio zilipoanza, akawaacha wa mwisho kati ya wapinzani aliochomoka nao zikiwa zimesalia kilomita 41 hivi, na akafika mstarini sekunde 75 mbele ya Annemiek van Vleuten, ambaye alinyanyua mikono akiamini kwamba yeye ndiye mshindi.

Ni ushindi mtamu kuusimulia, lakini ukiuchambua unazipa silaha pande zote mbili za ubishi. Hakuna aliyemchunga, kwa sababu hakuna aliyemhesabu, na hiyo ni faida halisi ya mtu asiye na timu wala jina. Lakini hakuchomoka peke yake: walikuwa watano, wakiwamo Vera Looser wa Namibia na Carla Oberholzer wa Afrika Kusini, na kwa muda walisaidiana kukata upepo ingawa kila mmoja alikuwa na bendera yake. Kwa maneno mengine alipata timu ya muda njiani. Isitoshe, Olimpiki hairuhusu redio za masikioni za kupashana habari na timu, na nyuma yake waliopaswa kumfukuza walipoteza hesabu ya nani yuko mbele. Mpango kama huo hufaulu pale wapinzani wanapokudharau, na dharau hiyo huisha siku unaposhinda. Ukifika mashindano yanayofuata, watu wa Mwanza, Shinyanga na Arusha wanakujua kwa sura.

Kuna pia mambo madogo yanayoamua mbio kabla ya mbinu kufikiriwa. Kanuni za UCI, shirikisho la baiskeli la dunia, zinaruhusu washindani wote kupeana chakula, maji na spana. Lakini kupeana gurudumu au baiskeli, au kumsubiri aliyeachwa nyuma, ni ruhusa ya watu wa timu moja tu. Mwezi Mei 2015, katika Giro d'Italia, mbio za Italia za wiki tatu, Richie Porte alipata pancha karibu na mwisho wa hatua (yaani mbio za siku moja), na Mwaustralia mwenzake Simon Clarke, aliyekuwa timu nyingine, akamvulia gurudumu lake. Kila mmoja alipigwa adhabu ya dakika mbili. Waandaaji wa mbio za ridhaa hawako wakali kiasi hicho, lakini matokeo kwa asiye na timu ni yaleyale. Gurudumu likipiga vibaya kwenye rasta, yeye ndiye anayekaa pembeni ya lami, baiskeli imepinduliwa miguu juu, anachomoa tyubu kwa vidole vyenye vumbi na jasho, anatafuta kipande cha waya kilichojificha ndani ya tairi, kisha anapampu kwa mkono huku kundi likiyoyoma. Hata akimaliza kwa dakika tano, kwa mwendo wa kilomita 36 kwa saa wenzake wameshakwenda kilomita tatu. Mwenye timu hupewa gurudumu la mwenzake akaondoka.

Maji nayo yana hesabu yake. Mbio za kilomita mia moja huchukua kama saa tatu, na katika joto la Pwani mwili hupoteza zaidi ya lita moja ya jasho kwa saa, wakati chupa mbili kubwa za kwenye fremu hubeba lita moja na nusu. Upungufu huo lazima uzibwe na mtu aliyesimama kando ya barabara, na mtu huyo huwa wa klabu au ndugu aliyeombwa aamke alfajiri.

Kwa upande wa pili, timu nayo ina bei yake, na bei hiyo hulipwa na vijana. Katika Tour de France ya mwaka 1934, René Vietto, kijana wa miaka 20 aliyekuwa akipanda milima kuliko karibu wote, alitoa gurudumu lake kwa kiongozi wake Antonin Magne. Magne akashinda mbio zote. Vietto akawa wa tano. Yule angalau alikuwa mtu wa kulipwa. Katika klabu ya ridhaa, anayeombwa kujitoa ni mtu aliyejinunulia baiskeli ya mtumba kwa akiba yake, akajilipia nauli ya basi na malazi, na anaweza kuambiwa amvutie mkubwa ambaye sifa yake kuu ni kwamba yeye ndiye aliyetoa fedha za jezi. (Aliyewahi kuishi ndani ya klabu yoyote ya michezo mjini hatashangaa.) Zawadi zikigawanywa, mgawo wa aliyevuta upepo hautajwi mpaka mtu aununie. Mtu akikataa mpango wa namna hiyo, ni haki yake, na simwiti mbinafsi.

Isitoshe, anayeanza hujifunza mengi zaidi akiwa peke yake. Aliyepewa kazi moja ndani ya timu, kwa mfano kubeba maji au kuvuta kilomita 20 za kwanza, anaweza kukimbia msimu mzima bila kujua yeye mwenyewe ni mpanda milima, mtu wa kasi ya mwisho mstarini, au mtu wa masafa. Asiye na timu hulazimika kuisoma kila hali. Huumia, huchomoka mapema mno, hufukuza asiyestahili kufukuzwa, lakini maamuzi yote ni yake. Ni kweli kwamba anayeota kufika mbali hatakwepa timu: hata Biniam Girmay wa Eritrea, aliyeshinda hatua tatu na jezi ya kijani ya anayeongoza kwa pointi katika Tour de France ya 2024, alipitia kituo cha mafunzo cha UCI huko Aigle, Uswisi, na baadaye timu za kulipwa. Lakini wengi wa tunaowazungumzia hapa ni watu wenye ajira, wanaopanda baiskeli kabla ya kazi na siku za mapumziko, na swali lao si hilo.

Swali lao ni la Jumanne alfajiri. Mtu anayejiandaa kwa mbio hutumia sehemu ndogo sana ya maisha yake kwenye mashindano. Muda mwingine wote yuko barabarani, na barabara za Dar es Salaam hazimhurumii aliye peke yake. Kuna malori ya saruji yanayotoka Wazo, daladala zinazokata kona kuwahi abiria kituoni, bodaboda zinazokuja upande usio wao, na mchanga uliomwagika ukingoni mwa lami. Dereva anayempita mtu mmoja kwa nafasi ya kiwiko huwapisha watu wanane waliopangana wawiliwawili, hata kama ni kwa kupiga honi na kutukana. Taa nane za nyuma huonekana mbali kuliko moja. Na mmoja akianguka, kuna wa kusimamisha magari, wa kumbeba na wa kuwapigia ndugu zake simu. Ongeza mambo ya karakana: fundi wa mtaani aliyezoea Phoenix ni hodari wa spoki na pancha, lakini gia za baiskeli ya mbio humsumbua, hivyo kifaa na ujuzi hupatikana kwa watu wa klabu waliokwisha kuharibikiwa kabla yako.

Kwa sababu hiyo, wakinitaka ushauri, nitatenganisha mambo mawili ambayo ubishi huu huyachanganya. Mtu afanye mazoezi na watu, hata kama hawamfurahishi, na kwenye mashindano, angalau katika misimu ya mwanzo, akimbie kwa ajili yake mwenyewe. Klabu nyingi hazitaupenda mpango huo, na zina sababu: hakuna anayependa kumlea mtu kwa wiki nzima halafu Jumapili amkute akiwa mpinzani. Lakini klabu isiyolipa mishahara haina msingi mkubwa wa kudai utii wa mashindanoni, na inaweza kudai vitu vingine vya haki zaidi, kama zamu ya kuvuta siku za mazoezi, mchango wa vipuri, na kusimama na chupa za maji pale wenzake wanaposhindana na yeye hayumo.

Waandaaji nao wanaweza kupunguza makali ya tofauti hii bila gharama kubwa: gari moja la magurudumu ya akiba kwa washindani wote, vituo vya maji visivyo vya klabu, na angalau mashindano machache ya kupimwa saa, ambapo kila mtu huondoka peke yake na kukaa nyuma ya mwingine ni marufuku. Mbio za kilomita 20 za namna hiyo, asubuhi na mapema kabla magari hayajajaa, zingeonesha nani ana miguu na nani alikuwa akibebwa, na nadhani majibu yangewashangaza watu wa kambi zote mbili.