Nyumba Isibebeshwe Dhambi za Mwenyewe

Mtaa wa 30 Tir jijini Tehran umepewa jina la siku watu walipofurika barabarani kumkataa Ahmad Qavam. Ilikuwa Julai 21, 1952, yaani tarehe 30 ya mwezi wa Tir katika kalenda ya Kiirani. Shah, mfalme wa Iran, alikuwa amemteua Qavam waziri mkuu baada ya Mosaddegh, aliyekuwa na cheo hicho, kujiuzulu. Hazikupita siku nyingi damu ikamwagika, Qavam akaondoka na Mosaddegh akarudi. Katika mtaa huohuo bado imesimama nyumba aliyojijengea Qavam, ya ghorofa mbili na matofali yaliyopangwa kwa nakshi. Leo ni makumbusho ya vyombo vya kioo na kauri.

Nawapa heko wote walioiacha isimame. Mara ngapi mwenye nyumba huchukiwa na hasira zikamaliziwa kwenye kuta zake! Hii ilikuwa na kila sababu ya kupotea. Iliuzwa ikawa ubalozi wa Misri, kisha benki, na mwaka 1976 ikanunuliwa na ofisi ya Malkia Farah, mke wa Shah. Mapinduzi yaliyomwondoa Shah yakaja 1979. Makumbusho yakafunguliwa 1980, malkia akiwa tayari uhamishoni.

Aliyepanga maonyesho ni Hans Hollein, msanifu majengo wa Austria. Wapo wasiopenda makabati yake ya kisasa kukaa chini ya dari za nakshi. Mimi nayapenda, kwa kuwa hayajifanyi ya kale. Unajua papo hapo kipi ni cha nyumba na kipi kililetwa.

Na vilivyoletwa ni hazina. Kuna kioo cha Chogha Zanbil, magofu ya kale ya kusini-magharibi mwa Iran, chenye miaka zaidi ya 3,000. Kuna kauri za mji wa Kashan, ambazo fundi alizichoma mara moja, akazichora kwa rangi yenye fedha na shaba, akazirudisha kwenye tanuri lenye moshi mpaka mchoro ukang'aa kama dhahabu. Akikosea moto, kazi yote imekwenda. Kuna pia chupa za buluu zenye shingo ndefu iliyopinda. Husimuliwa kwamba wake walikusanyia humo machozi, waume wakiwa safarini. Mimi naona mrashi, tena wa aina ambayo mtu wa Mombasa au Unguja angejua mara moja kuunyunyizia wageni harusini.

Qavam huyo aliyeitwa msaliti ndiye pia, mwaka 1946, aliyejadiliana na Stalin hadi majeshi ya Kisovyeti yakaondoka kaskazini mwa Iran. Mgeni anayepanda ngazi zake aambiwe yote mawili, mlangoni, kabla hajaonyeshwa bakuli la kwanza.