Kuku wa sadaka anapopigwa mnada

Katika sharika nyingi za Kilutheri Kilimanjaro na Arusha, baada ya baraka za kufunga ibada watu hawatawanyiki. Hukusanyika nje, na vitu vilivyoletwa kuwa sadaka huanza kunadiwa: mkungu wa ndizi, trei ya mayai, miwa, kuku aliyefungwa miguu. Watu hupandishiana bei mpaka kuku akauzwa mara mbili au tatu ya bei ya sokoni. Pengine aliyemnunua humkabidhi bibi mjane palepale, au humrudisha anadiwe tena.

Wapo wanaokereka, na hoja yao ni nzito. Kilichotolewa kwa Mungu kimefanywa bidhaa. Mwenye fedha anapigiwa makofi na vigelegele, ilhali mama aliyemfuga kuku yule hatajwi kabisa. Yesu alikataza kutoa sadaka kwa kupiga panda ili watu waone (Mathayo 6). Kurani nayo, Al-Baqara aya ya 271, inasema kudhihirisha sadaka ni vizuri, ila kuificha na kuwapa mafukara ni bora zaidi.

Hata hivyo, mimi niko upande wa mnada. Sadaka haikuanza na noti. Kumbukumbu la Torati 26 inamwagiza mkulima atie malimbuko ya shamba lake kapuni, ampelekee kuhani. Walawi 5 inamfuata maskini mpaka mlangoni kwake: asiyemudu kondoo alete njiwa wawili, na asiyemudu hata njiwa alete unga. Wachaga nao, kabla ya misheni kufika, walitambika kwa mbuzi na mbege (pombe ya ndizi), mali ya nyumbani. Mama asiye na shilingi mkononi lakini ana mayai anatoa kama anavyotoa mwenye duka, na mnada ndio unaoyafanya mayai yale yawe bati la kanisa. Anayeongeza bei naye anatoa.

Kinachoniumiza ni zile bahasha za ahadi, ambamo muumini hutia fedha alizoahidi kutoa, pale majina yanaposomwa mbele ya usharika pamoja na kiasi alichotoa kila mmoja. Hapo hakuna cha kushangilia, kuna kuaibishana tu. Nawafahamu watu wanaobaki nyumbani msimu wa mavuno kwa kuogopa kusomwa. Jumla itangazwe, kila muumini anastahili kujua fedha za usharika wake zimefika wapi. Ya mtu mmoja mmoja yabaki kwenye daftari la mhasibu, na stakabadhi apewe mwenyewe mkononi.