Kura 319 za Agosti 1954: Ulaya ambayo haikuzaliwa ingefika wapi?

Jumatatu ya tarehe 30 Agosti 1954, Bunge la Ufaransa liliua jeshi la Ulaya bila hata kumaliza kulijadili. Mbunge mmoja, Jenerali Adolphe Aumeran, alitoa hoja ya kiutaratibu ya kuukatisha mjadala. Wabunge 319 wakaikubali, 264 wakaikataa, na mkataba wa kuliunda jeshi hilo, uliosainiwa na nchi sita miaka miwili nyuma, ukazikwa hapohapo. Wakomunisti na wafuasi wa Jenerali de Gaulle, ambao siku nyingine hawapikiki chungu kimoja, walisimama pamoja wakaimba wimbo wa taifa.

Watu wanaopenda kujiuliza "ingekuwaje kama" huipenda sana siku hii, na wana sababu. Piga hesabu: kura 28 tu zingehama upande, ile hoja ingeanguka. Na kura hizo hazikuwa za kutafutwa kwa tochi. Chama cha Wasoshalisti kiliwaagiza wabunge wake kuutetea mkataba. 53 kati yao wakaasi, 50 wakabaki na chama. Laiti chama kimoja kingewadhibiti watu wake, leo tungekuwa na Ulaya nyingine kabisa ya kuizungumza. Swali ni kama hiyo nyingine ingekuwa bora, na hapo ndipo ninapoachana na wengi wanaoililia.

Mkataba wenyewe ulitokana na hofu. Vita vilipozuka Korea mwezi Juni 1950, Marekani ilianza kudai Wajerumani wa Magharibi wapewe silaha tena ili wasaidie kuikabili Urusi. Miaka mitano ilikuwa imepita tangu Hitler aanguke. Jambo hilo halikumezeka Paris. Jean Monnet, mbunifu wa mpango wa kuunganisha makaa ya mawe na chuma, akatafuta upenyo: Wajerumani wabebe bunduki, lakini ndani ya jeshi la Ulaya, wasiwe na jeshi lao. Waziri Mkuu René Pleven aliutangaza mpango huo bungeni tarehe 24 Oktoba 1950. Tarehe 27 Mei 1952, Ufaransa, Ujerumani Magharibi, Italia, Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg zikasaini mkataba wa Jumuiya ya Ulinzi ya Ulaya.

Haukuwa mkataba wa maneno matupu. Ulipanga divisheni 40: 14 za Ufaransa, 12 za Ujerumani, 11 za Italia na tatu za zile nchi ndogo. Sare moja, bajeti moja, na kamisheni ya watu tisa ya kuliendesha jeshi. Askari wa divisheni moja wangekuwa wa taifa moja, lakini juu ya hapo mataifa yangechanganywa chini ya makamanda wa pamoja. Ndipo Waziri Mkuu wa Italia, Alcide De Gasperi, alipouliza swali ambalo kila mtu alikuwa akilikwepa: jeshi hili litamtii nani? Jibu likaingizwa katika Kifungu cha 38, kwamba itafutwe mamlaka ya kisiasa ya kulisimamia.

Hicho kifungu kimoja kilizaa karibu serikali nzima. Machi 1953, mjini Strasbourg, rasimu ya Jumuiya ya Kisiasa ya Ulaya ilikuwa tayari. Ilikuwa na bunge la wananchi la viti 268, la kuchaguliwa moja kwa moja, na seneti ya watu 87. Ilikuwa pia na baraza la utendaji, mahakama, na soko la pamoja la kujengwa hatua kwa hatua. Ukilinganisha na Ulaya iliyotokea kweli, wananchi walipiga kura ya kulichagua Bunge la Ulaya kwa mara ya kwanza mwaka 1979. Rasimu ile iliwatangulia kwa robo karne. Naomba msomaji ashike jambo moja dogo humo, nitalirudia: Ujerumani na Italia zilipewa viti 63 kila moja, Ufaransa ikapewa 70. Vile saba vya ziada vilikuwa kwa ajili ya maeneo yake ya ng'ambo.

Wanaoisikitikia Ulaya hii wana hoja nzito, na sitaki kuzipuuza. Kwanza, kura ya hapana haikuzuia kile ambacho waliopiga kura walikiogopa. Mbunge mzee Édouard Herriot, aliyezungumza akiwa ameketi kwa sababu ya afya yake, aliliambia Bunge kwamba Jumuiya hiyo ingekuwa mwisho wa Ufaransa. Sawa, Ufaransa ikabaki. Lakini tarehe 23 Oktoba mwaka uleule, Paris hiyohiyo, ulisainiwa mkataba wa kuiingiza Ujerumani Magharibi katika NATO, na Mei 1955 ikaingia, ikiwa na ruhusa ya kuunda jeshi lake la taifa. Bunge lililokataa Wajerumani waliochanganywa na wengine likaishia kuwakubali Wajerumani wenye sare yao wenyewe. Kama kuna siasa ya kujikwaa kwa jiwe ulilolikimbia, ni hiyo.

Pili, wanasema, Ulaya ilikosa nafasi ya kuwa na sauti yake. Iliunganisha siagi, ngano, forodha na hatimaye sarafu, lakini amri ya vita ikabaki katika miji mikuu ya mataifa na, kwa mambo makubwa, Washington. Yugoslavia ilipopasuka miaka ya 1990, nchi za Ulaya zilikutana, zikatoa matamko, zikatuma waangalizi, na mwishowe ndege za Marekani ndizo zilizobeba mzigo mkubwa wa mashambulizi. Hii ndiyo hoja inayonigusa zaidi. Umoja wenye benki kuu lakini usio na amiri jeshi ni kitu cha ajabu, na ulianza kuwa hivyo siku ile ya Agosti.

Upande wa pili nao hauko mikono mitupu. Wanaoshukuru kwamba mkataba ulikufa huanza na Kifungu cha 18, kilichoyaweka majeshi yote ya Jumuiya chini ya Kamanda Mkuu wa NATO barani Ulaya. Kamanda huyo, tangu Dwight Eisenhower hadi leo, amekuwa jenerali au admirali wa Marekani. Kwa hiyo lile "jeshi la Ulaya" wanaloliota baadhi ya watu kama njia ya kujitoa kwenye kivuli cha Marekani lingekuwa, kisheria, jeshi la Ulaya kwa jina na la NATO kwa amri. Wanataja pia Kifungu cha 107, kilichobana utengenezaji wa silaha za nyuklia. Ufaransa ililipua bomu lake la kwanza huko Sahara tarehe 13 Februari 1960. Je, ingekubali kuliombea ruhusa? Na de Gaulle, aliyeiondoa Ufaransa katika kamandi ya NATO mwaka 1966, angekaa ndani ya kamisheni ya watu tisa akisubiri kupangiwa bajeti? Mimi simwoni.

Kufikia hapo mjadala huwa umezoeleka: huyu anataja Yugoslavia, yule anamtaja de Gaulle, kila mmoja anaondoka na lake. Kasoro ninayoiona kwa pande zote mbili ni kwamba zinaipima Jumuiya hiyo kwa vita ambavyo havikutokea. Zinauliza kama ingeweza kuizuia Urusi. Lakini Warusi hawakuvuka mto Elbe. Mtihani wa kweli wa jeshi la Ufaransa ulikuja miezi miwili tu baada ya ile kura, tarehe 1 Novemba 1954, milimani Aurès na kwingineko Algeria, pale FLN, chama cha ukombozi wa Algeria, kilipoanzisha vita vya uhuru.

Sasa tuchukue historia ile nyingine na kuitembeza pale. Tuseme mkataba umepita, na vijana wa Kifaransa wanaoitwa kwenye jeshi la lazima sasa ni askari wa Ulaya. Mkataba uliiachia Ufaransa jeshi la kando kwa ajili ya makoloni. Kama hilo halitoshi, Kifungu cha 13 kiliiruhusu kuondoa sehemu ya askari wake Ulaya kukiwa na dharura ng'ambo, kwa sharti kwamba Kamanda Mkuu wa NATO aridhike kuwa ulinzi wa Ulaya hautayumba. Katika historia halisi, Ufaransa ilihamisha baadhi ya divisheni zake kutoka Ujerumani kwenda Algeria, NATO ikanung'unika, basi. Idadi ya askari kule ikapanda hadi kupita laki nne, wengi wao vijana wa jeshi la lazima. Katika historia yetu ya kubuni, Waziri Mkuu wa Ufaransa angelazimika kumwendea jenerali wa Marekani kuomba kibali, huku Bonn, mji mkuu wa Ujerumani Magharibi, na Roma zikiuliza kwa nini bajeti ya pamoja imebaki na mashimo.

Njia zingekuwa mbili. Ya kwanza ni tamu kwa mwandishi yeyote wa Kiafrika: Ufaransa inabanwa, haiwezi kupeleka askari laki nne, inakaa mezani na FLN mapema, mamia ya maelfu ya Waalgeria wanapona. Natamani ningeiamini. Ya pili ni kwamba Ufaransa inachukua askari wake bila kumsikiliza mtu, na jeshi la Ulaya linabaki gofu kabla halijafikisha miaka mitatu. Kwa wanasiasa wa Jamhuri ya Nne, yaani mfumo wa utawala wa Ufaransa wa wakati huo, Algeria haikuwa koloni bali mikoa ya Ufaransa, na serikali zilianguka moja baada ya nyingine kwa kusitasita juu yake. Kati ya Ulaya na Algiers, mwaka 1956, wangechagua Algiers. Kumbuka Jenerali Aumeran, mtoa hoja ambaye makala hii ilianza naye, alikuwa mbunge wa Algiers.

Kuna baya zaidi. Kuligawa jeshi mara mbili, moja la Ulaya lenye wageni na kamisheni, jingine la Kifaransa tupu lililoko ng'ambo, ni kuwakusanya maafisa wenye hasira mahali pamoja. Hata bila mgawanyo huo, tarehe 13 Mei 1958 jeshi lililoko Algiers liliungana na walowezi, Jamhuri ya Nne ikaporomoka na de Gaulle akarudi madarakani. Kwa mgawanyo huo sioni ni kwa vipi mambo yangekuwa shwari.

Wengine hujibu kwamba hata Jumuiya iliyovunjika ingeacha bunge la wananchi na soko. Sina hakika, kwa sababu ile rasimu ya Strasbourg iliegemezwa kwenye mkataba wa jeshi kama kupe kwenye ng'ombe. Mkataba ulipokufa, nayo ikafa. Hata kabla ya kufa, serikali zilikuwa zimeanza kuipiga danadana mkutano baada ya mkutano. Kilichookolewa kiliokolewa kwa kutengwa na jeshi. Waziri wa Mambo ya Nje wa Uholanzi, Johan Willem Beyen, ndiye aliyepigania soko la pamoja liingizwe katika rasimu ile. Aliichukua hoja yake kutoka kaburini na kuipeleka Messina, Sicily, Juni 1955. Kutoka Messina njia ilikwenda moja kwa moja hadi Mkataba wa Roma wa tarehe 25 Machi 1957. Kwa hiyo si kweli kwamba biashara ilipewa nafasi ya siasa kwa bahati tu. Ndiyo iliyokuwa kipande pekee ambacho Paris ingeweza kukikubali huku ikipigana Algeria.

Na kipande hicho nacho kilikuwa na Afrika ndani yake, tena bila kuulizwa. Vile viti saba vya ng'ambo vya 1953 vilirudi kwa sura nyingine: Ufaransa ilikataa kusaini Roma bila makoloni yake kuunganishwa na soko. Yakaingizwa pamoja na Congo ya Wabelgiji, Ruanda-Urundi, na Somalia iliyokuwa chini ya udhamini wa Italia. Ukaundwa mfuko wa dola milioni 581 kwa miaka mitano. Ujerumani Magharibi, isiyo na koloni hata moja, ikakubali kutoa milioni 200, sawa na Ufaransa. Hakuna mtu wa Bukavu wala Usumbura (Bujumbura ya leo) aliyepiga kura juu ya hilo. Wanaodhani kuwa Ulaya ya shirikisho ingekuwa ya haki zaidi kwetu wanapaswa kuonyesha ni wapi katika rasimu ya 1953 Mkongo alipewa kiti. Ninachokiona ni Ufaransa kuongezewa viti kwa jina la watu wengine.

Siku hizi mkataba huu umeanza kutajwa tena, na si na wanahistoria peke yao. Tangu Urusi ilipoivamia Ukraine mwaka 2022, na tangu Washington ianze kuonyesha kuchoka na mzigo wa Ulaya, wapo wanasheria wanaosema mkataba wa 1952 unaweza kuridhiwa hata leo. Ujerumani, Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg zilishauridhia, wanasema. Zimebaki Ufaransa na Italia tu. Kama mbinu ya kisheria, inavutia. Algeria haipo tena kuuvunja, na hilo ni jambo kubwa. Lakini Kifungu cha 18 kingali mlemle, na jenerali wa Marekani naye yuko palepale. Bomu la Ufaransa, ambalo mwaka 1954 lilikuwa bado ndoto, sasa lipo, na hakuna rais wa Ufaransa aliyesema kitufe chake kitakabidhiwa kwa kamisheni. Bunge la Ufaransa la leo, pamoja na mrengo wake wa kulia wenye nguvu, lingelazimika kupata zile kura 28 upya.