Makaribisho yasiyodai jibu: wageni katika jumuiya za watu wenye usonji

Mtu anayejiunga kwa mara ya kwanza na jumuiya ya mtandaoni ya watu wenye usonji (autism, hali inayoathiri namna mtu anavyowasiliana na anavyoyahisi mazingira yake) mara nyingi huwa amekwisha kupokewa vibaya mahali pengi kabla ya hapo. Huenda ni mwanamke wa makamo aliyethibitishiwa usonji na daktari mwezi uliopita, baada ya kuitwa mkaidi na mwenye majivuno maisha yake yote. Huenda ni kijana ambaye hajafanyiwa uchunguzi wowote, ila amesoma maelezo ya wengine akajiona humo. Namna ya kuwapokea watu hawa huchukuliwa kuwa jambo dogo la adabu, kumbe ndiyo inayoamua nani atabaki na nani ataondoka bila kuaga, na ndani ya jumuiya hizi inawagawa wenyeji kuliko mtu wa nje anavyoweza kudhani.

Upande mmoja husema makaribisho yawe ya wazi na ya moyo: mgeni aombwe ajitambulishe, wenyeji wamjibu kwa wingi, isipite siku hata moja bila mtu kumsemesha. Upande mwingine husema aachwe: kanuni ziwepo pale zinapoonekana, naye asome kimyakimya mpaka atakapojisikia kusema, kwa sababu kusalimiwa na watu kumi kwa mpigo ni mzigo uleule alioukimbia huko nje. Kila upande una hoja ya kweli. Hata hivyo, naona pande zote mbili zinabishania kiasi cha uchangamfu, ilhali kinachompunguzia mgeni hofu ni uwazi, yaani kuelezwa bila mafumbo nini kitatokea, nini anatakiwa kufanya na nini hatakiwi kufanya.

Inafaa kukumbuka kwamba jumuiya hizi zenyewe zilizaliwa kutokana na mapokezi mabaya. Mwaka 1992, Jim Sinclair, Donna Williams na Kathy Lissner, wote watu wazima wenye usonji, walianzisha shirika la Autism Network International wakati ambapo mijadala mingi kuhusu usonji ilikuwa mikononi mwa wazazi na wataalamu. Mtu mzima mwenye usonji aliyediriki kusema humo aliweza kuambiwa kwamba, kwa kuwa anajua kujieleza, hafanani hata kidogo na mtoto anayezungumziwa. Mwaka 1994 wakafungua uwanja wao wa mazungumzo kwenye intaneti, na mwaka 1996 wakaandaa mkusanyiko wa kwanza wa Autreat, mikutano yao ya ana kwa ana, nchini Marekani. Mwaka huohuo Mholanzi Martijn Dekker alianzisha jumuiya nyingine ya mtandaoni, iliyojulikana kwa kifupi kama InLv, ambayo nayo iliendeshwa na wenye usonji wenyewe.

Katika mikusanyiko ya Autreat kulikuwa na utaratibu wa beji za rangi ambao unastahili kutazamwa kwa karibu, maana unajibu sehemu kubwa ya ubishi wetu. Aliyevaa beji nyekundu alikuwa anasema asisemeshwe na mtu yeyote. Beji ya njano ilimaanisha kwamba wanaofahamiana naye tu ndio wanaoweza kumsemesha. Beji ya kijani, ambayo ndiyo inayonifikirisha zaidi, ilivaliwa na mtu anayetaka mazungumzo lakini anashindwa kuyaanzisha, hivyo akawa anawaomba wengine waanze wao. Wanaoamini kwamba heshima kwa mtu mwenye usonji ni kumwacha na kimya chake huisahau kijani, na wanaoamini kwamba kila mpweke anataka kuzungukwa na watu huisahau nyekundu. Beji ilifaa kwa sababu ilimwondolea kila mtu kazi ya kubahatisha: mwenyewe alitamka hali yake bila kufungua kinywa, na aliweza kubadilisha rangi hali ilipobadilika.

Mtandaoni hakuna beji kifuani, na hapo ndipo makaribisho ya shangwe yanapokwama. Chukua mfano wa mgeni anayeandika usiku aya moja ndefu kupita kiasi, isiyo na vituo vya kutosha, akieleza alivyogundua hali yake, kazi alizozipoteza, jinsi mlio wa jokofu unavyomnyima usingizi, na mwishoni kabisa anauliza kama kuna mwingine anayesikia mlio huo na anafanyaje. Asubuhi anakuta majibu ishirini. Yote yanasema karibu sana, umefika mahali pako, mengine yana alama za moyo. Hakuna hata moja linalogusa jokofu. Walioandika hawakuwa na nia mbaya, walifanya kile ambacho ulimwengu umewafundisha kwamba ndicho ukarimu. Kwa mgeni, hata hivyo, swali ndilo lililokuwa salamu yake, na jibu moja la mtu aliyewahi kukisogeza kitanda kwenye ukuta mwingine au kulala na vizibo vya masikio lingempokea kuliko mioyo yote ile. Zaidi ya hayo sasa ana deni: je, amshukuru kila mmoja kati ya wale ishirini? Akimshukuru mmoja tu, wengine watachukia? Watu wengi wenye usonji huweza kutumia siku nzima kutafakari jambo la namna hii, na wapo wanaoona ni nafuu wasirudi.

Wanaopendelea ukimya wasijione wameshinda kwa mfano huo. Mtu ambaye maisha yake yote amesema jambo na watu wakageuza uso atasoma siku mbili bila jibu kuwa kukataliwa kwingine, hata kama sababu ni kwamba wenyeji walikuwa kazini. Mwenyeji anayenyamaza kwa heshima na mwenyeji anayenyamaza kwa dharau wanaonekana sawa kwa mtu aliye upande wa pili wa kioo.

Husemwa pia kwamba utaratibu hauhitajiki, kwa kuwa wenye usonji wataelewana wenyewe kwa wenyewe. Hoja hii ina msingi. Mwaka 2012 mwanasosholojia Damian Milton, ambaye mwenyewe ana usonji, alieleza kwamba kutoelewana kati ya wenye usonji na wasio nao ni tatizo la pande mbili na si upungufu wa upande mmoja. Mwaka 2020 Catherine Crompton na wenzake walichapisha utafiti uliotumia minyororo ya watu 8 waliosimuliana hadithi mmoja baada ya mwingine. Minyororo ya wenye usonji peke yao iliifikisha hadithi vizuri sawa na ile ya wasio na usonji peke yao, na iliyopoteza mengi zaidi ilikuwa ile iliyowachanganya. Matokeo hayo yanatia moyo, na wenyeji wana haki ya kuyajivunia. Lakini kusimuliana hadithi ana kwa ana si sawa na kumsoma mtu usiyemjua kupitia mistari mitatu aliyoiandika akiwa amechoka. Mmoja huandika kwa mkato hadi aonekane ana hasira, mwingine hueleza kila kitu kuanzia utotoni, na wa tatu hawezi kuzitaja hisia zake kwa majina, hivyo anaposema "niko sawa" huenda hayuko sawa. Kuwa na usonji hakumfanyi mtu awe msomaji hodari wa wenye usonji wote.

Kwa hiyo utaratibu wa maandishi unahitajika, na lugha yake ipimwe neno kwa neno. Maneno ya adabu tunayoyatumia bila kufikiri huleta madhara hapa. "Uliza lolote wakati wowote" ni ahadi ambayo mgeni anaweza kuichukua kama ilivyo: atamwandikia msimamizi saa tisa usiku, atangoja jibu hadi asubuhi, na lisipokuja ataamini amekosea au amedanganywa. "Jisikie uko nyumbani" haimwambii kitu yule ambaye nyumbani ndipo alipofundishwa kuizuia mikono yake isipepee, kama inavyofanya ya wengi wenye usonji. Ujumbe mzuri wa mapokezi, kwa maoni yangu, ni mfupi na hauna pambo. Unasema nani atakayeusoma ujumbe wa mgeni na kwa kawaida jibu huchukua muda gani. Unasema afanye nini muda huo ukipita kimya. Unasema kujitambulisha si lazima, kwamba kusoma bila kuandika kunaruhusiwa bila kikomo, na kwamba alichoandika anaweza kukifuta au hawezi. Unamuuliza, kwa njia ya kuchagua tu, kama angependa kusemeshwa au la, na hiyo ndiyo beji yetu. Mwishoni unaandika waziwazi kwamba ujumbe huu hauhitaji kujibiwa.

Wapo watakaoona maelezo hayo ni makavu. Naelewa, kwa sababu mtu aliyezoea kuuona upendo kupitia bashasha huona orodha ya taratibu kama mlango wa ofisi. Ila ukavu huo unamwachia nafasi mwenyeji mmoja, si ishirini, aje alijibu swali la jokofu.

Suala gumu kuliko yote ni la nani aruhusiwe kuingia. Wanaotaka kila mgeni aonyeshe uthibitisho wa daktari hawatetei ubaguzi, wanatetea usalama. Jumuiya ya watu wanaosema mambo yao ya ndani huwavutia wachokozi, watafiti wasioomba ruhusa, na wauzaji wa tiba za uongo. Hatari hii si ya kufikirika: dioksidi ya klorini, kemikali ya kupaushia, imeuzwa kwa wazazi kama tiba ya usonji, na Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo dhidi ya kuinywa mwaka 2010, ikalazimika kulirudia mwaka 2019. Mtu aliyeshuhudia biashara hiyo ikipenya miongoni mwa watu waliokata tamaa ana kila sababu ya kutaka mlango mwembamba.

Hata hivyo cheti hakizuii hilo. Muuzaji wa kemikali anaweza kuwa na cheti, na mwenye usonji anaweza kukosa. Vigezo vyenyewe vimebadilika ndani ya maisha ya watu walio hai: mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliuorodhesha usonji mwaka 1980 kama hali ya utotoni, ukaongeza hali ya Asperger (aina ya usonji isiyoambatana na kuchelewa kusema) mwaka 1994, kisha mwaka 2013 ukaziunganisha zote chini ya jina moja. Aliyekuwa mtoto msemaji na hodari darasani katika miaka ya sabini hakuwa na mtu wa kumtambua, na wasichana waliojifunza kuiga wenzao walipitwa kwa urahisi zaidi. Leo mtu mzima anaweza kungoja miaka kabla ya kuonana na mtaalamu, au akashindwa kabisa gharama zake. Kumfungia mlango kwa kukosa karatasi ni kumwadhibu kwa kosa la mfumo. Kwa hiyo mlango uwe mpana na kanuni za mwenendo ziwe kali: anayetangaza tiba aondolewe siku hiyohiyo, awe na cheti au asiwe nacho.

Nakubali jambo moja kwa wanaodai cheti, nalo huwa halisemwi vya kutosha. Mgeni ambaye hajachunguzwa huweza kuambiwa ndani ya saa moja, na watu waliosoma mistari michache tu, kwamba bila shaka ni mwenzetu. Ni neno la upendo, lakini linaweza kumfunga. Dalili zake huenda zinatokana na jambo jingine linalohitaji msaada tofauti, na baadaye akitaka kusema hivyo ataona aibu mbele ya waliomshangilia. Kumkubali mtu akae nasi si sawa na kumthibitishia hali yake, na jumuiya inaweza kufanya la kwanza kwa moyo wote bila kuligusa la pili.

Kuhusu wazazi wasio na usonji sina mengi: wawe na mahali pao pa kuuliza, na mtoto wao asisimuliwe kwa jina wala picha, maana siku moja ataweza kusoma.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na wapo wenyeji wanaoitumia methali hiyo kuwalalamikia wanaochukua msaada bila kutoa. Mimi naiona ikifaa kwa sababu nyingine. Kwa watu wengi wenye usonji, kazi mahususi yenye mwanzo na mwisho, kama kupanga maswali ya zamani kwa mada au kukagua kama viungo bado vinafunguka, huwaingiza katika jumuiya kwa wepesi kuliko mazungumzo ya kufahamiana. Sharti ni kwamba jembe litolewe, lisilazimishwe, na mwenye kulipokea aruhusiwe kuliweka chini. Tusisahau kwamba wengi wao wamekuwa wakikubali kila wanachoombwa ili tu wavumiliwe.

Na wenyeji wenyewe huchoka. Wanaowapokea wageni ni watu wachache wenye usonji wanaojitolea, wanaosoma masimulizi ya uchungu usiku hadi usiku, mengine yakiwa ya watu waliofikiria kujiua. Jumuiya isiyo na mpango wa hili huwateketeza watu wake bora. Wasimamizi wawe na ujumbe uliokwisha kuandikwa wenye njia za kupata msaada wa dharura, wajue kwamba kazi yao inaishia hapo na mwingine anaendelea, na wapokezane zamu. Kama wapokeaji ni wawili tu, ujumbe wa mapokezi useme kwamba majibu hutolewa Jumatano na Jumamosi, na yatolewe siku hizo kweli. Mgeni anaweza kusubiri hadi Jumamosi iwapo ameambiwa ni Jumamosi.

Kuna pia pendekezo linalojirudia la kuwaondoa waliojiunga wasioandika kitu kwa miezi, kwa hoja kwamba hakuna anayejua ni akina nani wanaosoma. Wasiwasi huo ni halali pale ambapo siri za watu zimehifadhiwa, na suluhisho lake ni kuzitenga siri hizo katika sehemu ndogo ambayo mtu huomba kuingia. Katika sehemu nyingine zote nawaomba wasimamizi wawaache wasomaji wao wa kimya, kwa kuwa wengi wanasaidika humohumo, na ujumbe wa kwanza walioupokea uliwaambia kwamba kusoma bila kuandika hakuna kikomo.